Hikaru no Go: manga ya dogo, mzimu na ubao wenye doa la damu

Juzi usiku nimemaliza kuisoma hii manga, yaani hadithi ya katuni ya vitabu ya Kijapani, kwa mara ya pili na safari hii nimesema lazima niiandikie, maana kila nikimwambia mtu aisome ananiuliza inahusu nini, nikishasema mchezo wa ubao naona uso umeshabadilika. Watu wamezoea ngumi na mapanga. Humu ni watu wawili wamekaa, ubao katikati, huyu anaweka kete, yule anafikiria, basi. Na bado kuna chapta nimezisoma nimesimama katikati ya chumba na kitabu mkononi, kukaa nimeshindwa.

Hadithi kaandika Yumi Hotta, picha kachora Takeshi Obata, huyo huyo aliyekuja kuchora Death Note baadaye. Ilikuwa inatoka kwenye jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia mwisho wa 1998 mpaka 2003, juzuu 23 zote kwa pamoja, ikabeba tuzo ya Shogakukan mwaka 2000 na ya Tezuka mwaka 2003. Upande wa mchezo wenyewe walikuwa na msimamizi, Yukari Umezawa, mwanamke anayecheza go kwa kulipwa, kwahiyo ule ubao unaouona kwenye picha sio mapambo, kete zimekaa pale zinapotakiwa kukaa. Mimi nimeisoma kwa Kiingereza, tafsiri ya kampuni ya Viz, Kiingereza chake chepesi tu, mtu wa kidato cha pili anaenda nayo bila shida.

Go yenyewe iko hivi. Ubao una mistari 19 kwa 19, kete unaweka kwenye makutano ya mistari, sio ndani ya vyumba kama draft, makutano yapo 361. Mweusi anaanza. Kete ikishawekwa haitembei tena, inakaa hapo hapo mpaka izingirwe pande zote, ikizingirwa inatolewa. Anayeshinda ni mwenye eneo kubwa. Sheria zimeisha hapo karibu zote, na ndani ya hizo sheria chache watu wanazeeka wanasoma. Kama umekua unaona wazee wanacheza bao, wale wanaohesabu kete zitaishia shimo gani kabla hata mkono haujainuka, basi utaielewa hali ya humu ndani hata kama go hujawahi kuiona. Tena usijisumbue kujifunza kwanza. Mara ya kwanza nilisoma yote bila kujua nani anaongoza ubaoni na sikupotea popote, kwa sababu Obata anachora sura za wachezaji kiasi kwamba unajua nani anakufa kabla hujaangalia kete.

Sasa hadithi. Hikaru Shindo yuko darasa la sita, mtundu, masomo hamna, wazazi wamemkatia hela ya matumizi baada ya kufeli mtihani. Anaenda kwenye stoo ya babu yake kutafuta kitu cha kuuza, anakuta ubao wa zamani wa go una doa la damu, rafiki yake Akari anamwambia mbona mimi doa silioni. Hapo hapo anasikia sauti. Ni Fujiwara no Sai, mwalimu wa go wa mfalme wa Japani enzi za Heian, miaka kama elfu nyuma. Sai alikuwa anacheza mbele ya mfalme na mwalimu mwenzake, yule mwenzake akachomeka kwa siri kete ya Sai kwenye bakuli lake ihesabike kama mateka, Sai akaiona, kabla hajafungua mdomo mwenzake akamuwahi, akapiga kelele kwamba mwizi ni Sai. Sai akachanganyikiwa, akashindwa mchezo, akafukuzwa mjini, akajitupa majini. Roho yake ikabaki kwa sababu go ilikuwa haijamtosha.

Kumbuka hiyo kete iliyochomekwa, nitairudia.

Kabla ya Hikaru, Sai alishamuingia mtoto mwingine, Torajiro, ambaye akaja kuwa Honinbo Shusaku. Huyo Shusaku ni mtu wa kweli kabisa, alizaliwa 1829 kisiwani Innoshima, akashinda mechi 19 mfululizo zile zilizokuwa zinachezwa ngome ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, akafa 1862 kwa kipindupindu akiwa anahudumia wagonjwa. Manga inasema michezo yote ile mikubwa ya Shusaku ilikuwa ya Sai, Torajiro alikuwa anaweka kete tu pale anapoelekezwa, kwa hiari yake, kwa sababu alielewa amebeba nani. Mwandishi amechukua mtu mzito wa historia ya Japani akamuingiza kwenye hadithi ya watoto bila kumvunjia heshima, tena baada ya kusoma unatamani ukamtafute Shusaku mwenyewe.

Hikaru sio Torajiro. Hikaru hataki. Sai akihuzunika Hikaru anatapika, kwahiyo anakubali kucheza ili tumbo litulie tu. Anaingia sehemu moja ambayo wazee wanalipia kiingilio wakae wacheze, anamkuta mtoto wa rika lake, anaona afadhali nicheze na huyu. Huyo mtoto ni Akira Toya, baba yake ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote Japani, na Akira mwenyewe tangu akiwa mdogo anacheza na baba yake kila asubuhi. Hikaru anashika kete kwa kidole gumba kama mtu anayeokota harage, hajui hata kuishika, na anampiga Akira. Wala hampigi kwa nguvu, Sai anacheza kama mwalimu anavyocheza na mwanafunzi, na Akira anaelewa kwamba amechezewa hivyo, hicho ndicho kinachomuumiza. Kuanzia hapo Akira anamkimbiza Hikaru, kumbe anamkimbiza Sai.

Wanakuja kukutana tena kwenye mashindano ya shule. Akira amejishusha mpaka akajiunga na klabu ya shule, watu hawamtaki kwa sababu kiwango chake sio cha pale, anavumilia yote apate tu mechi moja na Hikaru. Sai anaanza vizuri, mara katikati ya mchezo Hikaru anauangalia ubao na kwa mara ya kwanza anaona uzuri wake, anamwambia Sai nyamaza, hii nacheza mwenyewe. Anacheza vibaya, ni mwanafunzi tu. Akira anampigia kelele mbele za watu kwamba anamfanyia mzaha. Daah. Dogo amefanya kitu cha kweli kuliko vyote alivyowahi kufanya na kimepokelewa kama tusi. Ile ndiyo siku Hikaru anaanza kucheza go, mimi naihesabu hivyo, ya stoo ilikuwa bado.

Halafu anapanda. Hapa ndipo naipendea hii manga kuliko nyingine za michezo, haikwepi kusema kwamba ukipanda kuna watu unawaacha. Hikaru alikuwa amejiunga na klabu ndogo shuleni, akamvuta Mitani, kijana mmoja ana kipaji ila anacheza kwa wizi, anasogeza kete wakati wa kuhesabu apate hela za wazee. Akamtoa huko, akamuingiza kwenye timu, wakawa kitu kimoja. Muda si mrefu Hikaru anasema anaenda kusomea uchezaji wa kulipwa, na sheria haziruhusu achezee tena shule. Mitani anakasirika na mwandishi hamlazimishi akasirike nusu nusu au aombe radhi mwisho wa chapta. Amekasirika, ana haki yake, na Hikaru anaondoka vilevile. Nimecheza mpira wa mtaani, naijua ile siku mwenzenu anachukuliwa na timu ya maana na nyie mnabaki uwanjani wapungufu. Sijawahi kuiona imeandikwa hivi.

Juzuu za mtihani wa kuingia kwenye uchezaji wa kulipwa ni ndefu na mtu asiye na subira ataziona nzito. Vijana wengi wanacheza wiki nyingi, kila mmoja na kila mmoja, mwisho wanapita watatu tu. Watatu. Unawapenda wote, Waya, Nase, Fuku, Honda, na unajua wengi watarudi nyumbani mikono mitupu. Mkubwa wao ni Isumi, kijana mpole, ana kiwango cha kupita kabisa, miaka inazidi kumuishia. Siku anakutana na Hikaru anamzidi. Anaweka kete, anaachia vidole, anaona amekosea, mkono unairudia kete na kuisogeza. Sekunde moja hivi. Hamna refa aliyeona.

Kule kwetu kwenye draft tunasema ukigusa umecheza, na kila mtu ashawahi kuona ugomvi wa hicho kitu, mwingine anaapa hajagusa, mwingine anaita mashahidi. Humu ni kimya. Kurasa kadhaa za vijana wawili wanaoangalia kete moja. Hikaru ameona, anapoteza mchezo, akisema neno moja tu ameshinda mechi, na anajiuliza aseme au asiseme, na anachukia kwamba amelitamani hilo neno. Isumi naye anawaza je nikikaa kimya. Mwisho ni Isumi anayeinamisha kichwa kusema nimeshindwa. Wote wawili baada ya hapo wanayumba, kwa sababu mechi haikuisha, ilikatika. Na mtihani ule Isumi hapiti.

Rudi sasa kwa Sai na ile kete iliyochomekwa kwenye bakuli miaka elfu nyuma. Mtu aliyefukuzwa na kufa kwa uongo wa mezani amesimama nyuma ya Hikaru anaangalia kijana anajiangusha mwenyewe kwa ukweli ambao hamna aliyemlazimisha kuusema. Mara ya kwanza sikuunganisha kabisa. Mara ya pili niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo.

Wengi watakwambia hii ni hadithi ya Hikaru. Mimi nasema ni hadithi ya Sai, ya mwalimu. Hikaru anakua, urefu unaongezeka, Obata anawabadilisha sura kidogo kidogo mpaka ukirudi juzuu ya kwanza unashtuka walikuwa watoto kiasi gani, ila Sai habadiliki, nguo zile zile, kofia ile ile ndefu, kipepeo cha kujipepea mkononi. Mwanzoni anampenda dogo, anafurahi mvua, anafurahi magari, anafurahi kila kitu. Ukifika katikati unaanza kuona anamtazama kwa namna nyingine. Dogo ana mwili, ana kesho, ana vidole vyake. Sai ana wivu na anajua ana wivu, na mwandishi hamfichi. Kwenye hadithi nyingi mwalimu wa kiroho anatabasamu tu na kugawa hekima. Huyu anataka kucheza! Anamsumbua dogo kila siku, nicheze na mimi, nicheze na mimi, na Hikaru anamzungusha kwa sababu sasa ana mechi zake.

Kuna kipindi kitamu Hikaru anampa Sai acheze kwenye intaneti, intaneti kafe anakofanya kazi dada yake Mitani, likizo ya kiangazi, jina wameandika sai tu, na dunia nzima inaanza kuulizana huyu ni nani. Ni miaka ya kompyuta zile nene na leo bado inasisimua. Inaenda mpaka baba yake Akira, mzee Koyo Toya, akiwa kitandani hospitali kwa moyo, anakubali mechi moja ya intaneti na sai, akiahidi kwamba akishindwa anastaafu. Ni juzuu ya 14. Tofauti ya mechi nzima ni nusu pointi, maana enzi zile mweupe alikuwa anapewa pointi tano na nusu kwa kuwa mweusi kaanza. Sai anashinda, mechi aliyoisubiri miaka elfu, na Hikaru anaangalia ubao anasema hapa mzee angeweka hapa angekushinda. Ni kweli. Hamna mwingine aliyeiona. Uso wa Sai pale, jamani, yaani furaha imegandia usoni. Ameelewa kwamba Mungu hakumbakisha miaka yote ile kwa ajili yake. Alibakishwa ili huyu mtoto aione mechi hii.

Juzuu ya 15 siisimulii yote. Ni tarehe 5 Mei, sikukuu ya watoto kule Japani, samaki wa kitambaa wanapepea juu ya mapaa, Hikaru amerudi safarini amechoka, anacheza na Sai huku anasinzia. Sinzia kidogo, amka. Basi. Hamna muziki, hamna hotuba, hata kuaga hakukukamilika. Na Hikaru anaanza kumtafuta, kwanza kwa hasira, baadaye kwa hofu, anasafiri mpaka Innoshima kwa Shusaku, anarudi Tokyo, anaenda kufungua rekodi za mechi za Shusaku, na kwa mara ya kwanza ana akili ya kutosha kuzisoma. Ndio anaelewa aliyekuwa naye chumbani kila siku alikuwa nani. Anajilaumu kwamba angemuachia acheze zote, kama Torajiro. Halafu anaacha kucheza, haendi kwenye mechi zake, anapoteza bila kufika.

Mimi hapa nilipata balaa langu. Muuzaji mmoja wa vitabu vya mtumba alinipa seti akaniapia imekamilika, nafika nyumbani nasoma usiku kucha, namaliza ya 14, nanyoosha mkono, inayofuata ni ya 16. Wiki tatu nilizunguka kuitafuta. Ukinunua hesabu kwanza palepale, moja mpaka 23, usiangalie unene wa furushi.

Anayemrudisha Hikaru ubaoni ni Isumi, na sababu ni ile mechi yao iliyokatika, Isumi anahitaji wacheze tena ndio aweze kuendelea na maisha yake. Amekuja kwa shida yake mwenyewe, hajui chochote kuhusu Sai. Hikaru anakubali kwa sababu rafiki ameomba, na katikati ya mchezo anaangalia mkono wake umeweka kete namna fulani, machozi yanatoka. Miezi yote amemtafuta makaburini na vitabuni. Sai yuko kwenye namna anavyocheza. Kwa hadithi iliyoanza na dogo asiyejua hata kushika kete, sidhani kuna mtu angeweza kupanga hili vizuri zaidi.

Kasoro zipo. Baada ya hapo kuna sehemu ya Hokuto Cup, vijana wa Japani, China na Korea, na haina moto ule ule. Kinachoanzisha chuki kati ya Hikaru na Mkorea Ko Yong-ha ni tafsiri mbovu, kijana kasema kitu cha kawaida kuhusu Shusaku, mkalimani kakiharibu, na yeye alivyoona Hikaru kawaka akaongezea petroli. Wazo zuri, ila linachukua nafasi kubwa na wachezaji wengi wapya huwajui vya kutosha kuwaonea uchungu. Hikaru anapoteza kwa nusu pointi, na manga inaisha kama mtu aliyekatwa kauli. Nimekubali huo mwisho kiasi, dogo bado ana miaka michache tu kwenye kazi, Akira bado yuko mbele yake, ila njaa inabaki. Jingine ni wanawake. Akari yupo tangu ukurasa wa doa la damu na mpaka mwisho kazi yake ni kumtazama Hikaru. Nase alikuwa mchezaji mzuri, alistahili chapta nyingi zaidi. Manga iliyosimamiwa kitaalamu na mwanamke bingwa ingeweza kufanya zaidi ya hapo, na hili linaniudhi kila nikirudia.

Kuna watu wanasema manga hii imepitwa, kwa sababu Machi 2016 kompyuta ya AlphaGo ilimpiga Lee Sedol, bingwa wa go wa Korea, nne kwa moja kule Seoul, na Sai alichokuwa anakitafuta ni ile kete moja kamili ambayo wanasema ni mkono wa Mungu, sasa mashine zinakaribia. Sikubaliani kabisa. Sai angeikalia hiyo mashine mbele siku nzima kwa furaha, angeomba mechi nyingine. Halafu kwenye mechi ya nne Lee Sedol aliweka kete ya 78 iliyoivuruga mashine, akashinda, na ukiangalia picha za siku ile watu walivyopiga makofi utadhani ni chapta ya Hotta.

Katuni yake ipo pia, vipindi 75, ilitoka 2001 mpaka 2003, na Wachina wametengeneza tamthilia yao ya waigizaji mwaka 2020. Katuni sio mbaya, ila mechi zinavutwa. Kwenye karatasi unaamua mwenyewe ukae ukurasa gani muda gani, na ukurasa wa Isumi unahitaji kukaliwa. Kumbuka tu inasomwa kulia kwenda kushoto.

Ukivutiwa na mchezo usingoje ubao wa dukani. Anza na mistari 9 kwa 9, ndivyo wanavyoanza wengi. Mimi na dogo wa jirani, ana miaka 11, tumechora kwenye kipande cha boksi la friji, kete ni visoda, weusi wanalala kifudifudi, weupe chali. Ananipigia hodi saa kumi na mbili jioni akitoka shule, begi halijatoka mgongoni. Juzuu tano za mwanzo ameshazimaliza, bado yuko mbali na ya 15, na sijamwambia kitu.